Oda ya mkanda wa bunduki iliyonirudia: uliza haya kabla hujakata ngozi

Leo naongea na sisi tunaoshona: mabegi, mikanda ya suruali, pochi, kamba za mbwa, chochote kinachopita kwenye cherehani ya ngozi. Nataka kuwasimulia oda moja iliyonitia hasara, halafu baadaye ikanifungulia wateja ambao sikuwa nawawaza kabisa. Ni oda ya mkanda wa bunduki.

Najua kuna mtu ameshaguna. Subiri kwanza. Siuzi silaha, sina leseni ya silaha, na bunduki yenye risasi sijawahi kuishika. Nauza mkanda, yaani ule wa kuning'inizia bunduki begani. Ila ukishona mkanda wa suruali vibaya, mteja atavuta suruali siku nzima na kukutukana. Ukishona huu vibaya, kitu cha kilo tatu na ushee kinadondoka sakafuni usiku, nyumba ina watoto. Kwa hiyo tukae tuelewane.

Mteja alikuwa dada wa Kitanzania anayeishi Houston, Texas. Mume wake anaendesha malori ya masafa marefu, wiki nyingine hayupo kabisa, dada anabaki na watoto wawili, mmoja bado analala kwenye kitanda cha mtoto. Nilishamuuzia kaka yake mkanda wa suruali, ndiyo akanipata. Akaniandikia inboksi: "Kaka, nataka mkanda wa shotigani ya nyumbani. Wa ngozi, kahawia. Unatengeneza?"

Mimi bila kuuliza hata swali moja: "Ndiyo dada, elfu sitini na tano."

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Nilifanya kile ambacho wengi wetu tunafanya, tunaogopa kuuliza maswali tusije tukaonekana hatujui kazi. Nikachukua ngozi nzuri, nikakata upana wa sentimita 4 kwa sababu ndio upana wa mikanda yangu ya kawaida, urefu nikaweka sentimita 90, nikaweka bizimu la shaba linalong'aa, nikampa mtu anayesafiri. Picha nilizopiga zilikuwa kali sana, nakiri.

Wiki tatu baadaye nikapata sauti ndefu WhatsApp. Mkanda haupiti kwenye pete za bunduki. Amekata ncha na mkasi ili upite. Upande wa mbele hakuona pa kuufunga, akauzungushia kwenye kile kishikio cha mbele. Akajaribu, bunduki ikiwa tupu (nashukuru Mungu alijaribu ikiwa tupu), akashindwa kabisa kuikoki. Mkanda ulikuwa unavutana naye. Na hata kuvaa haukuvalika, ukiuvuka kifuani bunduki inabana kwapani. Akamalizia: "Kaka, hii ni kamba ya ng'ombe."

Nikarudisha hela yote. Nauli sikurudishiwa na mtu.

Sasa nikakaa chini kujifunza hicho kitu ni nini hasa. Nawapa kama nilivyokielewa.

Bunduki wanayoisema wao ni bunduki ya marisawa, ile ambayo risasi yake moja imebeba vipande vingi vidogo vya risasi. Marekani watu wengi wanaweka hii nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Mbili utakazozisikia kila siku ni Remington 870, ambayo ipo tangu 1950 na zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 10, na Mossberg 500 pamoja na ndugu yake 590. Zote hizi zinakokiwa kwa mkono. Chini ya mtutu kuna bomba la pili, hilo ndilo linalobeba risasi, zimepangwa kwa mstari mmoja nyuma ya mwenzake. Juu ya bomba hilo kuna kishikio kinachoteleza. Ukikivuta nyuma ganda la risasi iliyotumika linarushwa nje, ukikisukuma mbele risasi mpya inaingia. Bila kile kishikio kuteleza, hiyo bunduki ni rungu.

Umeona tatizo la dada? Alifunga mkanda kwenye sehemu pekee ya bunduki ambayo lazima iende na kurudi. Na kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyemuuzia mkanda bila kumwambia unafungwa wapi.

Sheria ya Marekani tangu 1934 inataka mtutu wa bunduki ya aina hii uwe walau inchi 18, kama sentimita 46, ukipungua hapo unaingia kwenye vibali vingine vizito. Ndiyo maana za nyumbani nyingi zina mtutu wa inchi 18 au 18 na nusu, mfupi wa kupita kwenye korido. Na uzito wake bila risasi ni kama kilo 3.2 au 3.3. Namba hizi zikae kichwani, tutazihitaji kwenye kushona.

Nikamuuliza dada swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza: mkanda unautaka wa nini? Kule watu wenyewe wanabishana sana juu ya hili. Wapo wanaosema ndani ya nyumba mkanda ni kero, unanasa kwenye kitasa cha mlango, kwenye kiti, kwenye kona ya kabati. Na ni kweli unanasa. Wapo wanaosema bunduki ndefu bila mkanda ni kama bastola bila mfuko wake, huna pa kuiweka mikono ikihitajika.

Jibu la dada lilinimaliza. Akasema: "Kaka, nikisikia mlango unavunjwa, kitu cha kwanza nampiga simu 911. Cha pili namtoa mtoto kitandani nampeleka chumba cha dada yake, tujifungie. Nina mikono miwili tu. Simu, mtoto, bunduki. Bunduki nitaiweka wapi, sakafuni?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa namuuzia pambo la ngozi. Anahitaji mikono yake miwili, bunduki ibaki mwilini mwake, mdomo wa mtutu ukiangalia chini, isiyumbe, isimpige mtoto. Vipimo vyote vinaanzia hapo.

Kwanza aina ya mkanda. Kuna wa ncha moja, unashika bunduki sehemu moja tu karibu na kitako. Unauvaa kama mkufu, bunduki inaning'inia mbele. Kwenye video unapendeza. Ukiachia mikono tu, bunduki inabembea kati ya miguu na kukugonga magoti, na mtu aliyebeba mtoto hawezi kuizuia. Kuna wa ncha tatu, una kamba nyingi kiasi kwamba ukiuvua usiku huwezi kuuvaa tena bila kuwasha taa. Mimi sishoni hizo mbili na sitaki oda zake. Nashona wa ncha mbili, mmoja mbele, mwingine kwenye kitako. Huu unaivuta bunduki ilale mwilini na ukitaka unaizungushia mgongoni.

Upana. Bunduki inashikwa na mkanda kwa pete za chuma, na pete hizo zinakuja za inchi 1, yaani milimita 25 na kidogo, au inchi 1 na robo, karibu milimita 32. Basi. Zile sentimita 4 zangu zilikuwa ndoto. Ukitaka bega lisiumie, tengeneza pedi pana katikati, lakini ncha lazima zipite kwenye pete bila kukunjwa. Muombe mteja aweke rula kwenye tundu la pete apige picha. Usikubali maneno "ni za kawaida". Hakuna ya kawaida.

Urefu. Sentimita 90 ni za mwindaji anayening'iniza bunduki bega moja na kutembea porini. Kwa kuvuka kifua unahitaji mkanda unaoongezeka na kupungua. Mimi sasa hivi nashona unaoanzia kama sentimita 120 na kufika 160, kwa sababu mtu huyo huyo leo amevaa gauni la kulalia, kesho amevaa koti la baridi. Katikati naweka bizimu la kutelezesha lenye kijimkia cha kuvuta kwa mkono mmoja. Ukivuta unakaza, ukisukuma unalegea. Yale mabizimu ya suruali yenye ulimi na matundu achana nayo, hakuna anayetafuta tundu la tatu gizani.

Sasa kufunga. Sehemu hii ndiyo iliyogeuza biashara yangu, maana nilianza kutuma maelekezo pamoja na mkanda, na malalamiko yakakauka.

Maelekezo yangu yanaanza hivi na sibadilishi hata neno: toa risasi zote. Siyo iliyo kwenye chemba tu. Hizi bunduki zina bomba, unaweza kuangalia chemba ukaiona tupu kumbe risasi nne zimelala kwenye bomba zinasubiri ukoki. Fungua, angalia kwa macho, halafu ingiza kidole uguse chemba na uguse mlango wa bomba. Rudia mara ya pili. Risasi zipeleke chumba kingine kabla hujashika bisibisi. Na muda wote huo mdomo wa mtutu uelekee mahali ambapo hata ikitokea bahati mbaya hakuna mtu. Watoto wasiwepo.

Nyuma ni rahisi. Vitako vingi vina skrubu ya jicho upande wa chini, yaani skrubu yenye kichwa chenye tundu ambalo pete inajifunga. Kama haipo na kitako ni cha mbao, inatobolewa. Tundu liwe jembamba kuliko skrubu, msumari wa drili uzungushie utepe mahali pa kusimama usije ukatoboa hadi upande wa pili, na skrubu ipakwe sabuni kidogo ili mbao isipasuke. Kitako cha plastiki ni hadithi nyingine. Vingi viko wazi ndani, skrubu ya mbao inazunguka tu haishiki kitu, halafu siku unayoivuta inachomoka. Hapo namwambia mteja aende kwa fundi bunduki wa kwao. Sijaribu kuwa fundi kwa WhatsApp.

Mbele ndiyo kuna kazi. Kwenye Remington 870 na Mossberg 590 ule mwisho wa bomba una kofia inayofunguka kwa kuzungusha, na 590 mara nyingi huja tayari na jicho la kushikia pete hapo. Kwenye Mossberg 500 ya kawaida bomba limefungwa mwisho, na mtutu wenyewe unashikwa na skrubu yake inayoingia mwisho wa bomba, kwa hiyo kofia iliyotengenezwa kwa 590 haiendi. Hii ndiyo sababu mteja akikuambia "nina Mossberg" bado hajakuambia kitu. Mwambie apige picha ya mwisho wa bomba.

Asiye na jicho mbele anaweza kutumia kikamatio kinachozunguka mtutu na bomba na kukazwa kwa skrubu, au kipete chembamba cha chuma kinachokaa chini ya ile kofia. Lakini jamani, chini ya kofia kuna springi ndefu imebanwa. Ukifungua bila kuikinga na kiganja inaweza kuruka na kwenda na jicho lako. Miwani ivaliwe. Na kofia ikirudishwa ikazwe hadi mwisho, kwa sababu ndiyo inayoshika mtutu.

Halafu kuna jambo la upande, ambalo mimi sikulijua mpaka dada aliponitumia video ya pili. Macho ya skrubu yakiwa chini, mkanda unaning'inia chini. Na chini ndipo mkono unapoteleza kukoki, na chini ndipo risasi zinapoingizwa. Mkanda unakuwa katikati ya kila kitu. Kulia napo ndipo maganda yanaporuka kwenye 870 na kwenye Mossberg hizi. Kilichobaki ni kushoto. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ncha zote mbili zikifungwa ubavu wa kushoto, mkanda unalala kifuani na mikono inabaki huru. Kwa hiyo kikamatio cha mbele chenye jicho la ubavuni ni bora kuliko jicho la chini. Wenye bunduki zenye macho chini tu watumie, ila wajifunze kuuvuta mkanda pembeni kabla ya kukoki.

Ukimaliza kufunga, kabla ya risasi kurudi chumbani, unavaa. Unakoki mara kumi ukiwa umesimama, mara kumi ukiwa umechuchumaa. Unapita mlangoni. Unabeba mto wa kulalia mkono mmoja kama mtoto. Kama kuna mahali mkanda unanasa, utapajua hapo, mchana, bila presha. Dada aligundua kwamba mkia wa mkanda uliobaki baada ya kukaza unanasa kwenye kitasa cha chumba cha watoto. Tangu hapo kila mkanda wangu unatoka na kiraba cha kubana mkia. Gharama yake hata mia mbili haifiki.

Kingine ni kelele. Pete za chuma zinagongana na mwili wa bunduki, cheng cheng cheng, usiku ukimya wote. Madukani kwao wanauza vitu vya kuzuia hilo. Mimi nakata vipande vya tyubu ya baiskeli naivalisha pete. Wateja wanadhani ni teknolojia.

Kuhusu ngozi au nailoni. Ngozi inapendeza na inauzwa bei, ila kwa bunduki inayokaa nyumbani miezi bila kuguswa nimeanza kuwashauri wateja wachukue nailoni. Ngozi inavuta unyevu. Ukiiacha imegusana na chuma muda mrefu chuma kinapata kutu, na sisi wa pwani tunajua ukungu wa ngozi ulivyo, Houston nako joto na unyevu ni kama Dar tu. Ngozi pia inarefuka ikibeba uzito. Anayeng'ang'ania ngozi namshonea, lakini naweka nailoni ndani katikati ya tabaka mbili, ndiyo inayobeba uzito, ngozi inabaki sura.

Mishono ya ncha nashona boksi lenye msalaba ndani, uzi wa nailoni, siyo pamba. Ribiti peke yake siziamini. Kabla haujatoka, mkanda unaning'inizwa kwenye boriti ya karakana na ndoo ya lita 20 imejaa maji, usiku kucha. Hiyo ni kilo 20, mara sita ya bunduki yenyewe. Inaonekana nimezidisha, lakini bunduki haikai kimya kama ndoo, mtu anakimbia nayo, anaivuta, mtoto anajining'iniza. Ndoo mbili zimeshadondoka tangu nianze. Bora sakafu yangu ilowe.

Kuna wanaoomba mkanda wenye vijumba vya kubebea risasi, kama wanavyoona kwenye filamu. Risasi 12 za geji 12 ni karibu nusu kilo, na zote zinaning'inia na kubembea sehemu moja. Mkanda unasokotana, na kila ukikimbia unapigwa mbavuni. Nimeshona mmoja, nikautoa kwenye orodha.

Sasa tuje kwenye kuuza, maana ndiyo ukurasa wetu.

Facebook na Instagram zilipiga marufuku watu binafsi kuuziana bunduki tangu Januari 2016. Mkanda siyo bunduki, na sera ya matangazo ya Meta niliyoisoma inataja mikanda ya aina hii kati ya vifaa vinavyoruhusiwa, kwa sharti kwamba tangazo liwalenge watu wa miaka 18 kwenda juu. Lakini mashine inayokagua matangazo haisomi moyo wako. Tangazo langu la kwanza lilikuwa na picha ya bunduki ya mteja imefungwa mkanda, likakataliwa ndani ya dakika chache. Nikapiga picha mkanda peke yake juu ya meza ya mbao, pete zikionekana, rula pembeni, likapita. Na kwa kweli picha ya rula imeniuzia kuliko picha yoyote, kwa sababu mteja anaona kipimo na hana haja ya kuuliza. Soma sera mwenyewe kabla ya kulipia tangazo, hubadilishwa.

Kwenye jina la bidhaa weka pia neno la kwao, "sling", ndilo wanaloandika kwenye kutafuta. "Mkanda imara wa kisasa" hakuna wa Texas atakayeliandika.

Hapa nyumbani soko lipo pia, dogo lakini lipo. Angalia walinzi wa makampuni wanaokaa nje ya maduka na benki, wengine wamefunga bunduki kwa mkanda wa begi la shule uliokatika, wengine kamba. Nimepata oda moja ya mikanda kumi na miwili kutoka kwa kampuni ya ulinzi. Msimamizi wao alitaka alete bunduki karakana nipime. Nikakataa papo hapo. Bunduki ina mwenye leseni na anawajibika nayo kisheria, mimi nina vijana wawili wanafunzi na mlango unaofunguliwa na kila mtu. Nikamtumia rula na maswali, akapima mwenyewe kwao. Alinuna kidogo, akalipa.

Ujumbe wenyewe ninaotuma sasa kwa kila anayeuliza ni huu hapa, nakili ukitaka: "Asante kwa kuuliza. Kabla sijakutajia bei naomba: jina kamili la bunduki pamoja na namba ya modeli; picha ya mwisho wa mbele chini ya mtutu; picha ya chini ya kitako; rula kwenye tundu la pete kama zipo; wewe ni wa mkono wa kulia au shoto; kimo chako; na utaitunzia wapi. Tafadhali toa risasi zote kabla ya kupiga picha."

Hilo swali la utaitunzia wapi watu wanalishangaa. Nauliza kwa sababu mbili. Texas wana sheria inayomuadhibu mtu mzima anayeacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia, kwa hiyo mwenye watoto na akili anaifungia kwenye sanduku la chuma. Na sanduku la chuma ni jembamba. Mkanda wenye pedi nene na bizimu kubwa unazuia mlango kufunga, au unanasa wakati wa kuitoa. Dada sanduku lake lina namba za kubonyeza na nafasi ya kiganja kimoja tu, pedi niliyokuwa nimepanga isingeingia. Nikaipunguza hadi milimita 6.

Mkanda wa pili nilimtumia bure. Ilikuwa nailoni nyeusi, inchi 1 na robo, bila shaba wala urembo, sura yake haina hata cha kupiga picha. Alinijibu kwa sauti fupi, nyuma mtoto analia: "Kaka, huu sasa ndiyo mkanda. Nimembeba Junia na mikono yote miwili." Hakusema zaidi. Baada ya mwezi wenzake wawili wa kanisani wakaniandikia, bei sasa hivi ni elfu themanini na tano na hakuna aliyebisha.

Mmoja wa hao wawili ni shoto. Kwa shoto ubavu wa mkanda unageuka kwenda kulia, ambako maganda yanaruka, kwa hiyo ncha ya mbele lazima isogee mbele kabisa na mkia ubanwe vizuri. Nimeufumua jana, nikaushona upya. Leo usiku unalala na ndoo.